Usawa

Bwana Kyando alifika Ntokela na ukungu wa saa mbili,
akatega chombo chake cha miguu mitatu kando ya lami,
akainama, akafumba jicho moja,
kama mtu anayechungulia chungu kuona kama maharage yameiva.

Mimi nilipewa fimbo yenye kioo.
Si kwa heshima. Kaka zangu walivaa viatu vya ibada,
na ni mimi niliyejua mpaka unapopita:
jiwe la chumvi ya ng'ombe, kisiki cha mkaratusi,
pale mama alipozika kitovu cha Lusekelo,
kisha mfereji, kisha mto.

"Simama wima! Kipovu kikae katikati!"
Nikasimama.
Lakini mlima huu haujawahi kumruhusu mtu asimame wima,
mguu mmoja unadaiwa daima kuliko mwenzake.

"Sabini na nne," akasema, akaandika.
Toka barabarani hadi mferejini, mita sabini na nne.
Nikacheka. Samahani, nilicheka kweli.
Mama alikuwa na hatua mia na arobaini na tatu,
nusu gunia kichwani, akivuta pumzi kwenye ya sitini,
akitema mate kwenye ya mia,
na huko juu mnunuzi akimngoja na lumbesa,
gunia lililofungwa kilemba kuliko bibi harusi.

"Dada, mteremko hatuupimi," Kyando alisema taratibu.
Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafua.
"Karatasi hailali upande. Tunapima usawa."

Usawa.
Neno lile lile alilolitumia Ambakisye jana usiku
tukila ndizi mbele ya mchungaji:
tugawane kwa usawa.
Watoto sita, viwanja sita.
Namba moja hadi nne vinatazama lami.
Namba tano kina kaburi,
kwa hiyo Lusekelo kapunguziwa gharama ya kupima.
Namba sita, cha Atuganile, kina maji.
"Bahati yako," wakasema, "wewe hutachota mbali."

Hadi Kyando alipokunjua mchoro juu ya boneti,
akapiga mstari kwa kalamu nyekundu:
mita sitini kutoka mtoni
hazijengwi, hazilimwi, ni hifadhi.
Kiwanja changu kikabaki mkia wa mjusi,
ule anaouacha akikimbia.

Ambakisye akatazama viatu vyake.
Lusekelo akauliza kama bikoni zinalipiwa moja moja
ama kwa jumla.

Wakachimba. Saruji, nondo, namba.
Nondo ya tatu ilizama kwenye tuta lisilovunwa,
ikatoka imechoma kiazi kama mshikaki.
Kijana akakichomoa, akaniuliza akitupe upande gani.
"Kilete," nikasema, nikakitia mfukoni mwa sweta.

Saa tisa, mvua ikiwa imeshafunika Rungwe, wakafungasha.
Ndipo Kyando alipokumbuka timazi yake,
kaisahau kule chini, mferejini.
Vijana wameshapanda gari.
Kaka zangu wanapigana picha na namba zao.
"Twende," nikamwambia.

Kushuka alishuka kwa maneno,
akinisimulia habari za mwanawe anayesoma Iyunga.
Kupanda alinyamaza.
Kwenye ya sitini akashika kiuno.
Kwenye ya mia nikampokea timazi,
shaba ndogo yenye ncha, nzito kuliko nilivyodhani,
ikielekea chini yenyewe bila kuambiwa.
Nilikuwa nahesabu kwa sauti.
Sikumkawiza, sikumharakisha.
Mia na arobaini. Na moja. Na mbili.

Juu, akaegemea boneti, miwani imeshika mvuke.
Akatoa kalamu, akaifungua,
akatazama mchoro muda mrefu,
akaifunga kalamu.

"Ndaga," akasema, kwa Kinyakyusa kibovu cha Mkinga.

Nikampa kile kiazi.